Bucha la Baba na Kisu cha Babu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Je, sheria itaje nani achinje nyama ya kuuza?" Mimi ningeanza na anayelala na hasara nyama isiponunuliwa.

Baba, Mkristo, alikuwa na bucha Sengerema, pekee mtaani kwetu. Ng'ombe wake alichinjwa na jirani yetu Mwislamu, mzee tuliyemwita babu. Hakulazimishwa na mtu. Ndiyo mazoea tuliyoyakuta. Babu alinoa kisu jioni, mbali na macho ya mnyama. Alfajiri mimi namshikia tochi, ng'ombe kalazwa kuelekea kibla, nasikia "Bismillahi, Allahu Akbar", kisha damu ikitiririka mferejini. Alilipwa fedha kidogo na kipande cha shingo.

Februari 2013 ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuza, Mwislamu au Mkristo, ukawaka Kanda ya Ziwa, na kule Buseresere, Geita, mchungaji akauawa. Waumini wenzetu wakamshika baba: chinja mwenyewe. Alisita siku tatu, Jumamosi akachinja. Waislamu walipita wakitusalimia vizuri tu, hawakusimama. Kilichoniuma ni mama ntilie, Mkristo mwenzetu, naye hakununua. "Wateja wangu ni mchanganyiko, mwanangu." Hadi saa nane mguu mzima bado uko kwenye ndoano, muhuri wa mkaguzi umekauka, nami nafukuza nzi kwa tawi la mwarobaini. Friji hatukuwa nayo. Jioni baba akakopesha alichoweza, kingine tukakausha. Wale washauri hawakuja hata kutupa pole. Aliyekuja ni babu. Alisalimia, akauliza, "Kesho vipi?" Baba akamjibu, "Alfajiri, mzee wangu."

Nilikaa kuandika ili niseme sheria isiguse kabisa jambo hili. Lakini Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu uhuru wa dini, na yupo Mkristo ambaye dhamiri yake haimruhusu nyama iliyosomewa dua ya imani nyingine. Huyo naye si mkorofi. Kwa hiyo nasema sheria iandikwe, ila isitaje dini ya mchinjaji. Imtake mwenye bucha aweke kibao kinachosema nyama imechinjwa vipi, mnunuzi aamue. Mjini penye bucha kumi hilo litafaa. Kwenye mtaa wenye bucha moja, kama wetu, sijui kibao kitamsaidia nani. Hapo ningemwachia babu kisu chake.