Mdogo Wangu, Cheti cha Saa 120 Hakitakufundisha Kusimama Mbele ya Watoto

Juzi binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita kaniandikia: "Shikamoo dada mwalimu. Nataka kufundisha Kiingereza watoto wadogo. Nimeona kozi ya mtandaoni ya saa 120, cheti cha TEFL, yaani cha kufundisha Kiingereza kwa wasiokizaliwa nacho, kinatoka ndani ya wiki mbili, na bei wameishusha mpaka keshokutwa. Nilipie?"

Marahaba mdogo wangu. Usilipie kwanza. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wenzako wengi wananiuliza hilohilo, na wameongezeka tangu mtaala ulioboreshwa wa 2023 uanze kutumika hapa Tanzania Januari 2024 na kukirudisha Kiingereza darasa la kwanza. Kabla ya hapo somo lilikuwa linaanzia darasa la tatu. Sasa kila shule inamtaka mtu wa kukaa na mtoto wa miaka sita na kumfundisha Kiingereza, na palipo na uhitaji wauza vyeti nao hufika mapema.

Mimi nilisomea ualimu chuoni, mkondo wa elimu ya msingi. Mengi ya chuo nayaruka, mnayajua: paredi, zamu za usafi, maharage. Kilichonijenga ni kipindi kimoja tu, mbinu za kufundishia Kiingereza, na mkufunzi wake. Mama yule alikuwa anatufundishisha wenyewe kwa wenyewe. Unasimama mbele na andalio lako la somo, wenzako wanageuka watoto wa darasa la pili, yeye anakaa nyuma na daftari. Ukimaliza hasemi hongera wala pole, anakusomea tu. Dakika za mwanzo zote ulikuwa unaongea wewe. Umeuliza "Do you understand?" mara kadhaa na wote wamejibu "Yes, teacher!", je, umejua nini? Uliandika ubaoni ukiwa umewapa watoto mgongo muda mrefu. Binti mmoja alitoka pale analia, na leo ni miongoni mwa walimu bora ninaowajua.

Kozi gani ya wiki mbili itakukalia nyuma namna hiyo? Jina TEFL halina mwenyewe. Hakuna mamlaka moja duniani inayosema huyu atoe na huyu asitoe. Kozi nyingine ni nzuri, nyingine ni maswali ya kuchagua jibu na PDF. Hata CELTA, kozi ya Cambridge ya kufundisha Kiingereza, ambayo ina heshima yake, ina saa 120 zilezile, lakini ndani yake lazima ufundishe saa 6 mbele ya wanafunzi halisi huku mkufunzi anakutazama. Na wanafunzi hao ni watu wazima! Mtoto ni habari nyingine kabisa.

Nilipopelekwa mazoezi ya kufundisha, nikapangiwa shule ya serikali wilayani Korogwe, darasa la tatu, watoto zaidi ya mia moja, madawati hayatoshi. Nikaandika ubaoni "name" na "home", nikawaambia wasome. Darasa zima kwa sauti moja: "Na-me! Ho-me!" Mwalimu wa darasa akawafokea. Mimi nikaona watoto hawa wana akili. Wamefundishwa ba, be, bi, bo, bu miaka miwili na wameshika vizuri. Kiswahili husomwa kila irabu, haiachwi hata moja. Wamefanya walichofundishwa. Ni kazi ya mwalimu kuwaonyesha kwamba Kiingereza kina mwenendo wake.

Usiku nikakata manila vipande virefu. Kwenye kimoja nikaandika "tape", nikaikunjia e ya mwisho kwa nyuma isionekane, ikabaki "tap". Kingine "pine", ukikunja ni "pin". Kingine "hope", ukikunja ni "hop". Kesho yake nikanyanyua kadi imekunjwa: "tap." Wakasoma. Nikaikunjua taratibu, e ikatokea, nikatamka mimi peke yangu: "tape." Nikakunja, nikakunjua. Kufika kadi ya tatu, mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye nilikuwa sijamsikia sauti tangu nifike, akasimama bila kuitwa: "Mwalimu, hiyo e haisomwi, inaibadilisha ile ya katikati!" Kasema kwa Kiswahili, na sikumzuia. Kanuni ameigundua mwenyewe, na kanuni uliyoigundua mwenyewe hutaisahau. Nilipoondoka pale darasa lile lilikuwa linasoma "make", "like" na "bone" bila kadi, na mkuu wa shule akaniomba nimwachie zile kadi. Nasema haya kwa fahari na sioni haya.

Lipo na hili ambalo walimu wengi hawalitumii. Kiswahili kimetupa sauti ambazo wenzetu wa mataifa mengine wanazitafuta kwa jasho. Anayesema "thelathini" vizuri tayari anaweza kusema "think". Anayesema "dhahabu" tayari ana "this". Wa "ng'ombe" ana "sing". Kwa nini basi tunasikia "zis is a pen" mpaka kwa mwalimu? Anzia kwenye sauti alizonazo mtoto, halafu ndipo umpeleke kwenye zile ngumu kama "ship" na "sheep", ambazo masikio yetu huzisikia kama moja.

Nakuambia na lingine linaloniuma hadi leo. Mwaka 2020 niliomba kazi kwenye kampuni moja ya nje iliyokuwa inafundisha watoto wa China kwa video. Nilikuwa na chuo, nilikuwa na uzoefu, nilikuwa na hata kile cheti cha mtandaoni. Fomu ikafika kwenye pasipoti: chagua nchi yako. Zilikuwepo Marekani, Uingereza, Kanada na nyingine chache za namna hiyo. Yangu haikuwepo. Nikawaandikia, wakanijibu kwa mstari mmoja kwamba wanachukua waliozaliwa kwenye lugha ya Kiingereza tu. Hakuna aliyenisikiliza nikifundisha hata dakika moja. Julai 2021 serikali ya China ikapiga marufuku walimu walio nje ya nchi kufundisha watoto wake mitandaoni, na biashara ile ikaanguka. Sikushangilia, maana kuna walimu waliopoteza mkate wao. Lakini nyie mnaoambiwa "pata cheti ufundishe Wachina ukiwa nyumbani", fahamuni kwamba mlango huo wengi wetu haukutufungukia hata ulipokuwa wazi.

Na nikwambie ukweli mdogo wangu, hata hapa nyumbani utakutana na wenye shule wanaomthamini mgeni asiye na chuo kuliko wewe uliyesomea. Usivunjike moyo, na usiige lafudhi ya mtu. Mtoto hahitaji lafudhi ya London. Anahitaji mwalimu anayetamka wazi, asiyemcheka, asiyemchapa kwa kukosea, anayempa muda wa kusikiliza kabla ya kumdai aongee. James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alilijengea jambo hili njia nzima ya kufundisha tangu miaka ya 1960: mwalimu anasema "stand up", "touch the door", "jump", na mtoto anajibu kwa mwili wake, mdomo utafuata. Hauhitaji umeme wala projekta. Nimeifanya chini ya mwembe.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba nafasi ya ualimu chuoni kwa utaratibu wa serikali. Huku ukisubiri, nenda shule ya msingi iliyo karibu na kwenu, umwombe mwalimu mkuu ujitolee darasa la kwanza au la pili. Kaa nyuma kwanza, tazama. Kisha omba ufundishe, na umwombe mwalimu mwenyeji akuandikie makosa yako kama mama yule alivyotuandikia sisi. Fundisha, andikiwa, rudia. Jirekodi kwa simu usikilize sauti zako mwenyewe. Ukimaliza, fundisha tena. Baada ya hapo ukiona bado unakitaka cheti cha mtandaoni, nenda ukakilipie, utakuwa unajua cha kukiuliza.

Hela ya kozi kanunue manila na maka peni. Ukishapata darasa niandikie lina watoto wangapi, nikutumie orodha ya maneno ya kuanzia kwenye kadi.