Umepewa Krimu ya Kansa ya Ngozi? Mtafute Aliyeipaka Kabla Yako

Wiki iliyopita dada mmoja wa Urambo aliniandikia: "Dada, dawa ya kupaka niliyopewa imenichubua shavu, naonekana kama nimemwagikiwa uji wa moto. Niache?" Nilimpigia simu, maana kwa kuandika nisingemaliza. Na kwa kuwa wenye swali hili ni wengi, hasa sisi wenye ualbino, nayasema na hapa.

Mimi ni fundi cherehani, Tabora mjini. Miaka mingi nimeshonea kibarazani, jua la saa nane likipiga ukuta wa mbele na kunirudia usoni. Juu ya nyusi pakaota gamba lisilokubali kuondoka, ukilibandua linarudi. Kikachukuliwa kinyama kikapimwa. Jibu likaja: saratani ya ngozi, lakini bado iko tabaka la juu, haijachimba ndani. Kwa hiyo sikukatwa. Nikapewa krimu ya fluorourasili ya asilimia 5, nipake asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa. Habari za foleni na kusubiri majibu naziruka, mnazijua.

Dawa yenyewe si ya jana. Ilitengenezwa Marekani mwaka 1957, inawazidi umri wengi wetu. Kazi yake ni kuua seli zinazojigawa haraka, na zile mbovu ndizo hizo. Ndiyo maana ngozi inakuwa nyekundu, inawasha, inachubuka, inatoa majimaji, kisha inafanya kigaga. Daktari alinieleza yote hayo vizuri tu, ila siku uso ulipofumuka maelezo yake yote yalinitoka.

Na watu hawakunisaidia. Mteja mmoja, ambaye nimewashonea wanawe sare tangu chekechea, aliniuliza mbele ya watu kama nimeanza mkorogo. Mkorogo! Mimi, niutafute weupe gani tena? Kwenye kikoba jirani yangu alihamisha kiti. Leo tukikutana sokoni tunasalimiana "mwangaluka", basi, yanaishia hapo.

Wenzangu wenye ualbino walinipenda, hilo siwezi kulikana. Lakini karibu kila mmoja alikuwa na habari ya ndugu aliyefika hospitali kidonda kimeshakula sikio, akapelekwa Bugando au Ocean Road kwa upasuaji na mionzi. Ni habari za kweli. Kwetu kansa hii inaua watu kwa sababu wanafika wamechelewa. Ila mimi nilikuwa nimewahi, na kila nikitoka kwenye maongezi yale natamani kuitupa tyubu nikaombe kisu.

Aliyenituliza ni mzee mmoja wa Sikonge, mfuga nyuki, ambaye alipaka krimu ileile sikioni. Muuguzi wa kliniki ya ngozi ndiye aliyetuunganisha, baada ya kumwomba mzee ruhusa. Akanitumia picha za sikio lake, wiki baada ya wiki, tangu wekundu wa kwanza. Nilipomweleza ninavyowaka akacheka: "Mwanangu, hapo ndipo dawa iko kazini." Akanifundisha yale ambayo anayapata mtu aliyelala nayo: tumia kijiti cha pamba, si kidole; nawa mikono hata kama hukuigusa; ya jioni ipake mapema ikauke, vinginevyo mto unaifuta na kuipeleka jichoni; mjamzito nyumbani kwako asiiguse kabisa; na jua likimbie kuliko siku zote. Picha yake ya mwisho, aliyoipiga dawa ikiwa imeshaachwa muda, ilionyesha ngozi changa, laini. Niliitazama ile picha kuliko nilivyotazama kioo.

Basi nisikilizeni. Usitafute wa kukuonea huruma, hao wapo kila mtaa. Mtafute mwenye ugonjwa wako, uliofikia hatua yako, aliyepaka dawa yako, na ikiwezekana mwenye ngozi kama yako. Mwulize muuguzi, usione haya. Uliza kwenye tawi la Chama cha Watu Wenye Ualbino. Waulize wanaowaletea Kilisun, ile losheni ya jua inayotengenezwa KCMC kule Moshi. Tarehe 13 Juni, siku yetu, msiishie kuvaa fulana na kupiga picha. Ulizaneni nani kati yenu amepaka. Na wewe uliyepona, mbona umenyamaza? Unamwachia nani? Simu yangu ina picha za paji langu katika kila hatua, mbaya kwelikweli, na kila anayeniomba namtumia. Sioni aibu. Tena najivunia.

Lakini mwenzako si daktari wako. Nilipomwuliza mzee kama niongeze wiki moja kwa usalama, alikataa katakata: "Hilo kamwulize aliyekuandikia." Ukiona usaha, ukapata homa, au uvimbe ukaanza kufunga jicho, usimpigie mtu simu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kigaga kikianguka usidhani umemaliza. Rudi ukaangaliwe hata kama pamekuwa laini, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi palepale au ukatokea pengine. Mimi bado nahudhuria kila tarehe ninayopangiwa, nikiwa na kofia yangu ya ukingo mpana niliyoishona mwenyewe.