Mtera ipigiwe hesabu Mei, si Oktoba

Mmeuliza wiki hii: uhaba wa maji umeifundisha nini sekta ya umeme? Jibu langu nalichukua Mtera, bwawa la umeme kwenye mto Ruaha Mkuu, Tanzania.

Mtera yenyewe ina mitambo ya megawati 80 tu. Kazi yake kubwa ni kuwa ghala la maji la kituo cha umeme cha Kidatu, megawati 204, huko chini kwenye Ruaha Mkuu huohuo. Mita moja ya ujazo ya maji huanguka kama mita 100 Mtera, halafu kama 175 Kidatu, na kote kuwili kwa jumla hutoa takriban uniti (kilowati-saa) 0.67. Maana yake, uniti moja ya LUKU inakula lita 1,500 hivi za maji.

Bwawa likijaa husoma mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Mwisho wa kuzalisha ni 690. Chini ya hapo maji bado yanaonekana mengi, lakini ukiyavuta yanazunguka kwenye mdomo wa handaki, hewa inaingia, mtambo unatetemeka na tope linasugua mapanga. Na jua nalo lina mgawo wake: bwawa ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 600 likijaa. Mvukizo wa milimita 5 kwa siku ni mita za ujazo milioni 3, yaani 34 na ushee kila sekunde.

Kwa hiyo mvua zikikatika, Mei, pima kina, toa mvukizo, gawanya kinachobaki hadi Desemba. Pengo lizibwe na mitambo ya gesi kuanzia Juni. Kinachoharibu ni kuyaachia maji hadi Septemba kwa sababu ni rahisi kuliko gesi. Hapo gesi peke yake haiwezi kuziba. Oktoba 2015 Mtera ilizimwa kwa kukosa maji.

Wakulima wa mpunga wa Usangu, bonde lililo juu ya Mtera kwenye mto huohuo, hulaumiwa mno. Ni kweli mabanio (milango ya kuingizia maji ya mto kwenye mifereji) yanayoachwa wazi baada ya mavuno yanaumiza mto ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ambako umekuwa ukikauka kiangazi tangu 1993. Lakini maji ya kiangazi ni machache. Mtera hujazwa na maji ya masika, pamoja na mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo. (Na kabla ya kufunga banio, chimbeni visima: vijiji vinakunywa kwenye mifereji hiyo.)

Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, limeleta nafuu kubwa, ila liko bonde lilelile la Rufiji pamoja na Mtera, Kidatu na Kihansi. Nyanda za Juu Kusini zikikosa mvua, yote manne yanaguswa, ingawa la Nyerere hulishwa zaidi na mto Kilombero, ambako mvua ni nyingi kuliko Usangu.