Mwalimu Anajibu: Wimbo anaujua, kuusoma bado

SWALI: Jambo mwalimu. Mutoto wangu iko na miaka saba, iko mu kalasi ya pili, anasoma silabi moja moja mpaka akifika mwisho wa mustari ameshasahau mwanzo. Jirani aliniambia nimufundishe na nyimbo, lakini zile za ku kanisa anaimba zote na kitabu ameshika juu chini! Inasaidia kweli? (Mama wa Majengo, Goma)

JIBU: Jambo mama. Inasaidia, tena sana, ila jirani alikuambia nusu. Wimbo unafundisha mdomo, kusoma ni kazi ya macho, basi lazima uziunganishe na kidole. Mwandikie ubeti mmoja tu mu kaye (daftari), herufi kubwa, maneno yaachane vizuri. Mimi naandikaga hivi (chukudu ni ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo):

Chukudu ipo njiani
inatoka mashambani
inashuka ku sokoni
imebeba maharagi

Kila mstari una mizani (silabi) 8 kama utenzi, na ile -ni inarudi mara tatu, kwa hiyo mtoto anasikia mwenyewe pale atapumulia. Wewe soma kwanza, kidole kikipita chini ya kila neno, halafu msome pamoja, halafu yeye peke yake, na kesho tena ule ule, usikimbilie mwingine. Samuels, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliandika juu ya njia hii mwaka 1979, kurudilia andiko fupi mpaka lisomeke bila kukwama: macho yakizoea maneno, akili inabaki huru kufuata maana. Akikwama kwa "mashambani" usimpe jibu haraka, gawanya ma-sha-mba-ni, pigeni makofi pamoja, aone kama mba ni pigo moja hata kama iko na herufi tatu, kisha arudi mwanzo wa mstari.

Akishaujua kwa kichwa, njo kazi yenyewe inaanza. Futa "maharagi" uandike "matembele" bila kumwambia. Akisema maharagi ujue anaimba, hasomi, ao ameona ile ma ya mwanzo akabahatisha. Usimgombeze, rudisha kidole pale tu. Siku ingine kata mistari na makasi, changanya, apange mwenyewe. Hapa ndo naona watoto wengi wanafunguka, juu wanapenda sana kubebesha chukudu vitu vya ajabu, wanaanza kutaka kuandika mistari yao na hiyo uwaachie kabisa.

Na nakuomba mama, usimpimie mbio na saa. Sauti ipande kwa swali, itulie kwa nukta, halafu muulize: chukudu inatoka wapi?

SWALI: Nyimbo ziwe za Kifaransa ao za Kiswahili, maana mbele mtihani utakuwa Kifaransa? (Baba wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Anza na Kiswahili baba, hata sheria ya elimu ya Kongo ya 2014 inataja lugha za taifa, na Kiswahili kimo, kuwa za kufundishia. Kiswahili kile kimeandikwa njo kinasomwa, lakini "petit" inamalizika na t yenye haisikike, mtoto mwenye angali anatafuta silabi atapotea. Za Kifaransa aimbe tu kwa sikio kwa sasa, azoee sauti zake. Kuzisoma mtaanza siku atasoma ubeti mpya wa Kiswahili, wenye hajawahi kuusikia, bila kukatakata neno.