Kanda nayo hutunga

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: “Simu moja leo inabeba muziki wa dunia nzima. Je, mashine za zamani za kuchezea na kurekodia muziki bado zina kazi gani kwa msikilizaji?” Mimi ni fundi wa redio na mashine za kanda hapa Mombasa, na kwa miaka mingi nimekuwa mpenzi wa muziki wa ambienti. Nitajibu kwa kupitia muziki huo, kwa sababu ndani yake jibu linaonekana waziwazi. Zipo rekodi ambazo mashine ilizitunga pamoja na mtu. Aliyewahi kuiona mashine hiyo ikizunguka husikia humo mambo ambayo simu peke yake haitamwonyesha.

Kwa wasioujua, ambienti ni muziki wa sauti ndefu zinazokuja na kuondoka taratibu. Mara nyingi hauna mwimbaji wala mdundo. Mwingereza Brian Eno, aliyeupa jina mwaka 1978 kwa albamu yake Ambient 1: Music for Airports, aliandika kwamba muziki huu umkubali anayeutegea sikio na asiyeujali vilevile. Wazo lenyewe lilimjia miaka mitatu nyuma. Mapema 1975 alikuwa kitandani akiuguza majeraha ya ajali ya barabarani, rafiki akamletea santuri ya muziki wa kinubi. Rafiki alipoondoka, Eno akaiweka santuri kwa taabu, akarudi kulala, ndipo akagundua kwamba sauti iko chini mno na upande mmoja wa stirio umekufa kabisa. Nguvu za kuinuka tena hakuwa nazo. Akaisikiliza hivyohivyo, ikichanganyika na mvua. Mimi fundi naipenda sana habari hii, maana kazi yangu ni kuondoa hitilafu, na hapa hitilafu ilimfundisha mtu namna mpya ya kusikiliza.

Sasa mchukue kipande cha pili cha albamu hiyo ya 1978, kinachoitwa 2/1. Ni sauti za binadamu tu: wanawake watatu na Eno mwenyewe, wakiimba noti moja moja bila maneno. Kila noti ilirekodiwa kwenye kipande chake cha kanda, kisha ncha zikaunganishwa kikawa kitanzi kinachozunguka bila mwisho. Kazi hiyo ilifanyika katika studio ya mtayarishaji wa muziki Conny Plank nchini Ujerumani. Eno alieleza baadaye kwamba kitanzi kimoja kilijirudia kila sekunde 23 na nusu, kingine kila sekunde 25 na 7/8, na cha tatu kila sekunde 29 na 15/16, kwa makadirio yake. Alieleza pia kwamba kitanzi kimoja kilizungushwa kwenye viti vya mabomba ya alumini vilivyokuwa studioni. Anayeshika kanda kila siku hashangai. Kwa sentimita 38 kwa sekunde, kasi ya kawaida ya studio, sekunde 23 na nusu ni karibu mita 9 za kanda, na hakuna mashine yenye nafasi ya kuzimeza mita hizo. Lazima zipite mahali, na viti vilikuwa karibu.

Nilikaa na kalamu nikavipigia hesabu vile vitanzi vitatu. Vikianza pamoja, na tukivichukua vipimo vile kama vilivyotajwa, vitakutana tena mwanzoni kwa pamoja baada ya takriban siku 27. Kwa siku zote hizo noti zitakuwa zinapishana kwa namna mpya: mara noti mbili zinaangukiana, mara noti moja inabaki peke yake, mara kimya. Eno hakuandika mpishano huo hata mmoja. Alichagua noti, akakata kanda, akawasha mashine. Dakika chache tulizopewa kwenye santuri ni kipande kidogo cha kazi ya karibu mwezi mzima. Tangu nilipoipata hesabu hiyo, kile kimya cha katikati ya noti ndicho ninachokingoja kila nikikicheza kipande hiki.

Njia ya pili ilihitaji mashine mbili. Unarekodi kwenye ya kwanza, lakini kanda yake haiishii humo. Inavuka meza hadi kwenye mashine ya pili, inayoisoma na kuirudisha sauti kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo ulichopiga sasa kitarudi baada ya sekunde kadhaa, na kitakachorudi kitarekodiwa tena chini ya unachopiga wakati huo. Ukizisogeza mashine karibu, mwangwi unafupika, ukizitenga, unarefuka. Umbali wa meza mbili unakuwa sehemu ya utunzi. Mmarekani Terry Riley aliifanyia kazi mbinu hii miaka ya 1960, na Eno na mpiga gitaa Robert Fripp wakaitumia kwenye albamu yao ya 1973. Mashine waliyoitumia, Revox A77 ya Uswisi iliyotoka 1967, bado inaonekana kwenye meza za mafundi duniani kote. Nina moja dukani. Nikiifungua huwaita vijana wanaojifunza kazi kwangu waone jinsi mota yake inavyodhibitiwa kielektroniki, ili kasi isitegemee mapigo ya umeme wa ukutani.

Jambo hilo la mapigo si dogo kwetu. Mashine nyingi za bei nafuu zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutegemea umeme wa hezi 60, yaani mapigo 60 kwa sekunde, na wetu ni 50. Ukiichomeka mashine kama hiyo hapa, hata ukiwa umeishusha volti vizuri kwa transfoma, itazunguka kwa tano ya sita ya kasi yake. Muziki unashuka karibu nusu-toni tatu na kuwa mzito. Nimeletewa mashine za namna hiyo, wenye nazo wakiamini kanda zao ndizo zimeharibika.

Wajerumani wa Berlin walikwenda njia nyingine. Kundi la Tangerine Dream, lililokuwa na Edgar Froese, Christopher Franke na Peter Baumann, lilitoa albamu ya Phaedra mwaka 1974. Sinthesaiza ya Moog ya wakati ule, mashine inayounda sauti kwa umeme, ilibadilika sauti kadiri ilivyopata joto, na kwenye wimbo wenye jina la albamu mtu anasikia besi ikiteleza kutoka mahali pake. Wangeweza kurekodi upya. Waliuacha mtelezo huo, nami nashukuru, kwa sababu ndio unaoufanya wimbo uwe na hofu ndani yake. Froese kwa upande wake alipiga Mellotron, kinanda ambacho chini ya kila kibonyezo kina kipande cha kanda. Ukibonyeza, kanda inavutwa na sauti ya fidla au filimbi inatoka. Baada ya sekunde 8 hivi kanda inakwisha na springi inairudisha mwanzo. Mpigaji hana hiari, lazima ainue kidole. Zile kodi za Froese, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinazopumua na kubadilika taratibu zimeumbwa na urefu wa kanda hiyo.

Mliuliza pia, mwishoni mwa swali, kama kuna tamasha ambalo msomaji angetamani kulihudhuria. Kwangu ni la Tangerine Dream ndani ya kanisa kuu la Coventry, Uingereza, tarehe 4 Oktoba 1975. Kanisa la zamani la mji huo liliteketezwa kwa mabomu ya Wajerumani Novemba 1940. Jipya lilijengwa kando ya magofu likazinduliwa 1962. Na sasa watu watatu kutoka Berlin wakaingia na mashine zao, mwangwi wa jengo ukaufanyia kazi muziki ambao tayari ulikuwa umejaa mwangwi. Miezi kumi hivi kabla, Desemba 1974, walikuwa wamepiga kwenye kanisa kuu la Reims, Ufaransa. Lakini Coventry ndipo moyo wangu ulipo.

Siwezi kuzungumzia kanda bila mtunzi Mmarekani William Basinski. Mwaka 2001 huko Brooklyn alikuwa akihamishia kwenye kompyuta vitanzi alivyovitengeneza miaka ya 1980. Unga wa sumaku ulikuwa umechoka, ukawa unabanduka kila kanda ilipopita kwenye hedi, sehemu ya mashine inayoisoma kanda. Aliacha irekodi. Kipande cha kwanza cha The Disintegration Loops kinapita saa moja, na ndani ya saa hiyo sauti ileile inapungua kidogo kidogo hadi zinabaki nyufa. Kwa mtu wa kazi yangu hii ni rekodi ngumu kuisikiliza. Kila mzunguko najua ni nini hasa kinaanguka, na najua hakirudi.

Najua atatokea wa kusema kwamba kompyuta inafanya yote haya bila vumbi wala mafuta. Kweli inafanya, tena kuna anayelifanya vizuri sana, naye ametoka kwetu. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, mjukuu wa yule mwanamuziki mkongwe wa Kikuyu mwenye jina hilohilo, alitoa Peel mwaka 2020, akaenda kusomea sanaa ya sauti Berlin, na leo ni miongoni mwa majina makubwa ya muziki huu. Yeye hutegemea zaidi kompyuta na sauti alizorekodi mwenyewe mitaani na porini. Lakini sikilizeni Natur ya 2024: mle amenasa mivumo ya sumaku-umeme, ile ambayo sikio tupu haliipati, kwa vifaa maalumu vya kuinasa. Na kwenye Temporary Stored ya 2022 alitumia rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Sauti za wazee wetu zilichukuliwa, zikawekwa rafuni mbali na watu wao, na kijana wa Nairobi akazifanya zisikike upya. Kifaa alichonacho kimebadilika, ila na yeye anakiruhusu kifaa kiseme. Kwa hiyo simpingi mwenye kompyuta. Wanaonisikitisha ni wale wanaonunua sinthesaiza za miaka ya 1970 kwa bei ya gari, wakaziweka kwenye kabati la kioo zisiguswe. Mashine isiyowashwa hukauka: mpira unaganda, grisi inakuwa gundi, kapasita zinachoka.

Sisi wapenzi wachache hukutana baada ya Isha kwenye baraza ya mwenzetu, Mji wa Kale. Kila mtu huleta rekodi moja na kueleza ilivyotengenezwa kabla haijachezwa, na hapo ndipo wageni wanapovutiwa. Nimemwona mama mmoja wa makamo, mpenzi wa taarabu tangu utotoni, akikaa kimya mpaka mwisho wa Day of Radiance ya mwanamuziki Mmarekani Laraaji, iliyotoka 1980. Ni ala ya nyuzi nyingi iliyounganishwa na umeme. Eno alimkuta Laraaji akiipiga kwenye bustani ya Washington Square, New York. Yule mama alisema inamkumbusha kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Rekodi ninayoileta mimi mara nyingi ni ya Mjapani Hiroshi Yoshimura, Music for Nine Post Cards ya 1982, aliyoipeleka ichezwe kwenye makumbusho ya sanaa ya Hara, Tokyo. Ni vinanda vichache vya umeme, kila kimoja kikipewa nafasi yake. Makumbusho hayo yamefungwa tangu 2021, rekodi bado inapatikana, na kama msomaji ataanza na moja tu kati ya zote nilizozitaja, aanze na hiyo.

Sasa nije kwa wale walioachiwa mashine na kanda na wazee wao, maana Pwani nyumba za namna hiyo ni nyingi: kanda za harusi, za vikundi vya taarabu, za mawaidha. Msiichomeke mashine iliyolala miaka kabla fundi hajaifungua. Hedi isafishwe kwa alkoholi ya isopropili na pamba, lakini gurudumu la mpira linalobana kanda lifutwe kwa maji yenye sabuni laini. Kanda iliyobandika na kulia kama mlango inapopita isilazimishwe: gundi yake imenyonya unyevu, jambo la kawaida kwa aina nyingi za miaka ya 1970 na 1980, na katika hewa yetu ya bahari ndio kabisa. Wataalamu huikausha kwa joto la nyuzi hamsini na kitu kwa saa nyingi, kwa chombo kinachoshika joto bila kuyumba, na jiko la nyumbani halifai. Kanda za zamani zaidi, za asetati, hazikaushwi hivyo hata kidogo. Kuzitambua, inua gurudumu la kanda mbele ya taa: mwanga ukipenya, hiyo ni asetati. Kisha rekodini nakala mara tu kanda itakapokubali kucheza, na kwenye kasha muandike kasi, mwaka, mahali, na majina ya wanaosikika, mkimuuliza yeyote katika ukoo anayezitambua zile sauti.