Bonds, Ruth au Aaron: namna ya kuwalinganisha wafalme wa homurani

SWALI: Habari za kazi. Mwenzangu anashikilia kwamba bingwa wa homurani katika besiboli ya Marekani ni Barry Bonds, kwa kuwa ana 762 na hakuna mwenye zaidi. Mimi nasema Babe Ruth. Je, ipo hesabu ya kuwapima watu waliopishana miaka mingi hivyo, au sote ni washabiki tu?

JIBU: Hesabu ipo, ila jumla pekee haitawafikisha mbali. Kwanza tuelewane: homurani kwa kawaida ni pigo linaloruka juu ya uzio kati ya mistari miwili ya uwanja, na mpigaji akazunguka vituo vyote vinne bila kuzuiwa. Kwa jumla ya maisha yao ya uchezaji katika Ligi Kuu, Bonds ana 762, Hank Aaron 755, Ruth 714, Albert Pujols 703. Jumla hizo zimechanganya nguvu na kudumu. Mtazame Aaron: hakuwahi kupita 47 kwa msimu, lakini kuanzia 1955 hadi 1974, misimu 20 mfululizo, hakushuka chini ya 20.

Kwa hiyo gawanya kwa zamu za kupiga. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu takwimu zina safu mbili. Zamu rasmi haziingizi zile ambazo mpigaji amepewa kituo cha kwanza bure baada ya mipira minne mibaya. Zamu zote zinaziingiza. Kwa zamu rasmi, Mark McGwire alipata homurani moja kila zamu 10.6, Ruth 11.8, Bonds 12.9, Aaron 16.4. Kwa zamu zote ni 13.1, 14.9, 16.5 na 18.5. Mpangilio haubadiliki, lakini ukichukua msimu mmoja tofauti inakuwa kubwa. Mwaka 2001 Bonds alipiga 73: moja kila zamu rasmi 6.5, au moja kila 9.1 ukihesabu zamu zote, kwani alipewa kituo bure mara 177. Mwaka 2004 alipewa mara 232, na 120 kati ya hizo warushaji walimkwepa waziwazi. Kumhesabia zamu ambazo hakurushiwa mpira wa kupigika ni kumwonea. Kuziondoa zote nako ni kumpendelea, maana jicho la kuuacha mpira mbaya upite ni sehemu ya ufundi wa mpigaji. Dawa ingekuwa kuondoa zile za kukwepwa tu, lakini ligi ilianza kuzirekodi rasmi 1955, Ruth akiwa ameshastaafu miaka 20. Tumia zamu zote kwa wote wawili, mkubaliane hivyo kabla ya kuanza kubishana.

Kisha mpime kila mmoja na wenzake wa msimu uleule. Mwaka 1927 Ruth alipiga 60 wakati American League nzima (moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu), timu 8, ilipiga 439, yaani wastani wa 55 kwa timu. Kila moja kati ya timu 7 nyingine ilipiga chache kuliko yeye peke yake! Mwaka 2001 timu 30 za ligi zote mbili zilipiga 5,458, wastani wa 182, na zile 73 za Bonds ni asilimia 40 tu ya wastani huo. Ili amfikie Ruth kwa kipimo hiki angehitaji karibu 199.

Watakaokuambia Ruth alibebwa na uzio wa karibu upande wa kulia wa Yankee Stadium, uwanja wake wa nyumbani, waambie 32 kati ya zile 60 alizipiga ugenini. Hoja yenye uzito zaidi ni nyingine. Wapigaji wengi wa wakati wake walikuwa bado wanacheza mtindo wa zamani wa kugonga mpira chini na kukimbia, na hadi 1947 ligi iliwafungia milango wachezaji weusi. Josh Gibson, mpigaji hodari wa ligi za weusi, hakuruhusiwa kushindana naye. Tangu 2024 takwimu za ligi za weusi zimeingizwa kwenye rekodi za Ligi Kuu, na kwa wastani wa vituo kwa kila zamu rasmi Gibson anaongoza kwa .718 dhidi ya .690 ya Ruth. Katika orodha ya jumla ya homurani hawezi kupanda, kwa kuwa misimu yake iliyorekodiwa ilikuwa mifupi mno.

Kuhusu dawa za kuongeza nguvu: McGwire alikiri mwaka 2010, Bonds amekana kuzitumia kwa kujua. Hakuna kanuni ya kukata asilimia fulani ya homurani, na anayekupa moja amejitungia. Andika namba ilivyo, weka alama pembeni.

Uamuzi wangu: kwa kuwaacha wenzake mbali, Ruth. Kwa mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, Bonds wa 2001 hadi 2004. Mwenzako akikosa hoja akakuletea Sadaharu Oh na 868 zake, mkumbushe kwamba hizo ni za ligi ya Japani, ambako Oh alicheza 1959 hadi 1980, hivyo apimwe na wastani wa huko.