Nimepewa Mkataba wa Kuimba, Je, Nisaini?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni kijana wa miaka 21. Tangu madrasa watu wananisifu kwa sauti. Sasa lebo moja ya muziki imenipa mkataba wa miaka mitano, na nikisaini nitapewa malipo ya awali. Sina kazi nyingine. Mama analia kila nikilitaja jambo hili. Je, pesa hizo ni halali? Na nikija kuona nimekosea, si nitatubu tu?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad.

Mwanangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kusaini. Ila swali lako la mwisho ndilo lililoninyima raha, na nitalirudia.

Kwanza hukumu. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu manne, wamezuia ala za muziki. Wametegemea hadithi aliyoipokea Al-Bukhari, kwamba watatokea watu katika umma huu watakaohalalisha zinaa, hariri, pombe na ala za muziki. Na swahaba Ibn Mas'ud aliapa kuwa "maneno ya upuuzi" yaliyotajwa katika Surat Luqman, aya ya 6, ni kuimba. Sikufichi kwamba mwanazuoni Ibn Hazm, aliyefariki mwaka 456 Hijria, aliikosoa isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi, ya hadithi ile na akaruhusu ala hizo. Wajuzi wa hadithi waliokuja baada yake walimjibu, wakaonyesha kuwa isnadi imeungana kwa njia nyingine, nami nimeridhika na jibu lao.

Lakini sauti yako yenyewe haina kosa. Siku ya Idi wasichana wawili waliimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bi Aisha, Abu Bakr alipowakemea, Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache, kwani kila watu wana Idi yao. Hassan bin Thabit alikuwa akiutetea Uislamu kwa mashairi, na Mtume akimwombea. Na Abu Musa Al-Ash'ari, kwa uzuri wa kisomo chake, aliambiwa na Mtume kuwa amepewa zumari katika zumari za watu wa Daudi, yaani sauti tamu. Asikuvunje moyo mtu kwa kukuambia kuwa kipaji chako ni balaa. Ni amana.

Na kwa kuwa ni amana, uangalie mkataba unaipeleka wapi. Hata wanaoruhusu muziki wameweka masharti: maneno yasiwe machafu, pasiwe na pombe wala mchanganyiko wa wanaume na wanawake, wala usipoteze swala. Katika mikataba mingi ya aina hii mwimbaji hana kauli ya mwisho juu ya wimbo gani utoke, aimbe ukumbi gani, wala video yake ionyeshe nini. Hayo malipo ya awali nayo si zawadi. Kwa kawaida lebo huyarudisha kutoka katika mgawo wako, pamoja na gharama za studio na video, na mpaka yaishe wewe hupati kitu. Nimeona vijana wakidhani wamepata riziki kumbe wameingia katika deni.

Sasa hilo la "nitatubu tu". Toba ni kuliacha kosa, kulijutia na kuazimia kutolirudia. Rekodi mama ya wimbo, yaani ile ya asili inayonakiliwa, mara nyingi huwa mali ya lebo. Utakapotubu, mwanangu, utanyamaza wewe, wimbo hautanyamaza. Hutakuwa na mamlaka ya kuuondoa mtandaoni, na utaendelea kuchezwa nawe umo kaburini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Muslim, kwamba anayeanzisha jambo baya hubeba dhambi yake na dhambi za wanaolifuata. Mlango wa toba hata hapo haufungwi, na Mola ni Mwingi wa kusamehe. Lakini kwa nini uifanye nzito namna hii kwa saini yako mwenyewe?

Tena kuipanga toba kabla ya kosa ni kauli ya nduguze Yusuf. Walisema wamuue au wamtupe mbali, kisha baada ya hapo wawe watu wema (Surat Yusuf, aya ya 9). Walisamehewa mwishowe, ndiyo, lakini baada ya miaka mingi, na baba yao akiwa amelia hadi macho yakawa meupe. Nawe umeandika kwamba mama analia.

Usisaini. Mwambie mama leo, kabla hujalala. Kisha tafuta mwalimu wa tajwidi, yaani kanuni za kusoma Qur'ani, akusikilize; na ukipenda kurekodi, rekodi kasida zisizo na ala, na haki zibaki mikononi mwako. Ujira wa kazi hiyo ni halali. Huenda ukawa mdogo mwanzoni, kwa hiyo shika na kazi nyingine ya mikono, si aibu.

Na kama umeshasaini kwa siri ukaona haya kuniambia, usitoroke. Mpelekee mwanasheria mkataba mzima akutafutie kipengele cha kujitoa, na kama ulipokea pesa zao, zirudishe hata kwa awamu. Niandikie tena, nitakuwa pamoja nawe.

Wallahu a'alam.